Kidonge Kilitangulia, Neno Likachelewa

Reli kutoka Tanga ilipofika Korogwe mwaka 1902, juu ya mji huo, katika milima ya Usambara, palikuwa tayari na nyumba ya watu wasio na pa kwenda. Nyumba hiyo ni Lutindi. Ilifunguliwa mwaka 1896 na chama cha Kiinjili kilichoundwa Ujerumani mwaka 1893 kwa ajili ya Afrika, na waliopokelewa kwanza walikuwa watoto waliokombolewa utumwani. Anayelijua bonde la Pangani hawezi kuuliza watoto hao walitoka wapi. Misafara ilipita humo kuelekea pwani. Ng'ambo ya mto, Uzigua ulio upande wa Handeni ulikuwa umepoteza watu tangu njaa ya miaka ya 1830, na hadi leo wapo watu kando ya mto Juba, Somalia, wanaozungumza Kizigua na kusimulia jinsi wazee wao walivyopandishwa majahazini.

Watoto wa kukombolewa walipopungua, nyumba ikapata wageni wengine. Mwaka 1904 Lutindi ikaanza kupokea wagonjwa wa akili, na mara nyingi hutajwa kuwa hospitali ya akili iliyo kongwe kuliko zote Afrika Mashariki. Kabla ya hapo serikali ya Wajerumani haikuwa na mahali pa kuwaweka watu hao isipokuwa jela na pembe za hospitali za kawaida. Walioiendesha Lutindi walikuwa na uhusiano wa karibu na Bethel, ule mji wa huduma ulio jirani na Bielefeld, ulioanzishwa mwaka 1867 kwa ajili ya wenye kifafa na kuongozwa kwa miaka mingi na mchungaji Friedrich von Bodelschwingh. Bethel waliamini kwamba mgonjwa anahitaji hewa safi, ibada, ratiba isiyoyumba, na zaidi ya yote kazi ya mikono. Imani hiyo ilipanda mlima pamoja na wahudumu. Zaidi ya karne moja baadaye Lutindi, ambayo sasa iko chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT, bado inajulikana kwa mashamba na karakana zake.

Mimi ninaiheshimu historia hiyo. Kumpa jembe mtu aliyekuwa amefungwa kamba kwenye mti ni kumrudisha katika watu. Lakini nikiitazama tangu mwanzo, naona kuna jambo ambalo halikuwamo. Mgonjwa alipewa kitanda, chakula na kazi, na dawa za kutuliza zilipokuwapo alipewa pia. Maelezo ya kile anachopewa hayakuhesabiwa kuwa sehemu ya tiba, si Lutindi tu, bali hata huko Ulaya zilikotoka dawa zenyewe.

Ajabu ni kwamba watu wa bondeni na milimani walikuwa na desturi tofauti. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyetafiti Usambara tangu miaka ya 1960, ameandika kwa kirefu jinsi Wasambaa walivyoushughulikia ugonjwa. Mjomba, mama, kaka na majirani walikaa wakajadili ni nini kimempata mtu wao, aende kwa nani, nani atalipa, na kama tiba hii haikufaa waelekee wapi. Mtafiti mwingine, John Janzen, aliona jambo kama hilo Kongo ya chini na kuliandikia kitabu mwaka 1978. Mganga, awe wa Kisambaa au wa Kizigua, hakumpa mtu dawa kwa kimya. Alipiga ramli, akataja chanzo, akataja miiko: hiki usile, pale usipite, dawa hii ioge alfajiri. Chanzo alichokitaja huenda kilikuwa si kweli, na mara nyingine kilimuumiza jirani asiye na hatia. Hilo silifichi. Ila mgonjwa na ndugu zake walitoka pale wakiwa na maelezo ya kubeba nyumbani, wakijua kinachotendwa na kwa nini.

Kidonge cha hospitali kilikuja bila maelezo hayo. Na dawa za sonona zilikuja mahali ambapo wakubwa walikuwa wameamua kwamba ugonjwa wenyewe karibu haupo.

Aliyeipa kauli hiyo uzito wa kitaalamu alikuwa J. C. Carothers, daktari aliyeiongoza hospitali ya Mathari mjini Nairobi kuanzia 1938 hadi 1950. Mathari ilifunguliwa mwaka 1910. Tanganyika, Waingereza walijenga yao Dodoma mwaka 1927, ambayo leo tunaiita Mirembe. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha Carothers kuhusu akili ya Mwafrika, na humo alidai kwamba sonona ni nadra sana kwa Waafrika. Sababu zake zilijaa dharau ya zama zile: Mwafrika hajibebeshi lawama, hana mzigo wa nafsi, hufikiri kama mtoto. Kosa lililo chini ya dharau hiyo ni jepesi kulieleza. Carothers aliwahesabu walioletwa hospitali. Na nani aliletwa Mathari, Dodoma au Lutindi? Aliyevunja, aliyepiga, aliyetembea uchi sokoni. Mwanamke aliyeamka saa tisa usiku kila siku akaukodolea macho ukuti wa paa, asiyesikia tena ladha ya chakula, aliyeamini kwamba hafai kuishi, hakumsumbua polisi wala mkuu wa wilaya. Alibaki nyumbani, na ndugu zake wakasema ana mawazo.

Waliokwenda kumtafuta walimpata. Margaret Field, akifanya kazi vijijini Ghana, aliwakuta wanawake wa namna hiyo kwenye vihekalu vya miungu, wakijishitaki wenyewe kwamba ni wachawi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1960. John Orley na John Wing walikwenda katika vijiji viwili vya Uganda, wakatumia maswali yaleyale yaliyotumika London, na mwaka 1979 wakatangaza kwamba wanawake wa vijiji hivyo walikuwa na sonona zaidi kuliko wanawake wa mtaa wa London waliolinganishwa nao. Miaka mingi baadaye, Muhimbili, Sylvia Kaaya na wenzake walichukua njia iliyonipendeza zaidi: waliyapima maswali ya kigeni kwa wanawake wa Dar es Salaam, kisha wakatengeneza dodoso kutokana na malalamiko ambayo watu wa hapa huyasema wenyewe. Kwani mtu wa Mkata au Kabuku haji kliniki akasema ana sonona. Husema moyo unamwenda mbio, kichwa kinawaka moto, mwili umechoka bila kazi, mawazo yamezidi.

Wakati Carothers akiandika, huko Uswisi kulikuwa na jambo linaloiva. Katika hospitali ya Münsterlingen, kando ya ziwa Konstanz, daktari Roland Kuhn alikuwa akipokea kutoka kampuni ya Geigy ya Basel dawa ambazo hazikuwa na jina ila namba. Januari 1956 alimpa mwanamke mwenye sonona nzito mojawapo ya dawa hizo, na katika siku chache mwanamke huyo akabadilika. Dawa hiyo ndiyo imipramini. Septemba 1957 Kuhn aliieleza kwenye kongamano la madaktari wa akili mjini Zurich, mbele ya wasikilizaji wachache sana. Marekani nako, iproniazidi iliyokuwa ikijaribiwa kwa wagonjwa wa kifua kikuu ilionekana kuwachangamsha kupita kiasi, na mwaka huohuo wa 1957 Nathan Kline akatangaza kwamba inaweza kutibu huzuni. Amitriptilini, ndugu wa imipramini, ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Kwa miongo mingi Kuhn alisimuliwa kama mvumbuzi mwenye jicho kali, na jicho kali kweli alikuwa nalo. Kisha jimbo la Thurgau likawaagiza wanahistoria, wakiongozwa na Marietta Meier, wafungue makabati ya Münsterlingen. Ripoti yao ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba kuanzia miaka ya 1940 hadi karibu 1980 zaidi ya dawa 60 zilijaribiwa kwa wagonjwa wengi mno, wakiwamo watoto, na kwamba kuwaeleza na kuomba ridhaa yao hakukuwa desturi. Huyo mwanamke wa Januari 1956 alimeza namba. Dawa ya kwanza ya sonona ilizaliwa katika kimya.

Kuna tarehe moja ninayoirudia kila nikiisoma habari hii. Oktoba 1957, mwezi mmoja baada ya kongamano la Zurich, mahakama ya rufaa ya California iliamua kesi ya mtu aitwaye Martin Salgo, aliyepooza miguu baada ya kipimo cha mshipa mkubwa wa damu. Katika hukumu hiyo ndipo yalipoingia sheriani maneno yanayomaanisha ridhaa ya mtu aliyeelezwa: mgonjwa akikubali bila kujua anachokikubali, hajakubali. Kwa hiyo dawa za sonona na haki ya kuelezwa ni umri mmoja, zimepishana kwa mwezi. Kidonge kilifika Tanzania. Mwenzake hakupanda meli ileile.

Mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu, na amitriptilini ilikuwamo. Ilikuwa zama za zahanati. Handeni palikuwa pamepitia uhamisho wa kuingia vijiji vya Ujamaa, na serikali ilikuwa inasambaza huduma ya afya vijijini kwa bidii ambayo nchi chache maskini zilithubutu. Kwa upande wa akili, mwishoni mwa miaka ya 1960 kulianzishwa kijiji cha kilimo cha wagonjwa Hombolo, karibu na Dodoma, na mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa msaada wa Denmark na Shirika la Afya Duniani, mpango wa taifa ukajaribiwa Kilimanjaro na Morogoro ili mgonjwa atibiwe karibu na kwao. Wauguzi wa akili waliosomeshwa Mirembe walipelekwa mikoani. Ndio waliobeba kazi hiyo, na ndio wanaoibeba mpaka leo, kwa kuwa madaktari bingwa wa akili ni wachache mno na wengi wao wako mijini.

Dawa zilikuja katika makopo ya vidonge 1,000. Hili linaonekana dogo, nami naliona kubwa. Karatasi ya maelezo ni moja tu kwa kopo zima, imekunjwa, kwa Kiingereza, na inabaki dirishani kwa mtoa dawa. Mgonjwa wa mia tatu wa kopo hilo anapata kibahasha, na juu yake pameandikwa kwa kalamu: 1x1. Nchi za Ulaya zililazimishana mwaka 1992 kwamba kila dawa iwe na karatasi ya maelezo inayosomeka na mgonjwa. Kwetu kibahasha kile kimekuwa ndiyo karatasi yenyewe, na kinachosema ni hesabu ya kuzidisha.

Kwa dawa nyingine hesabu hiyo inatosha kwa kiasi fulani. Dawa ya malaria inajieleza yenyewe, na watu wa Korogwe na Handeni wanaijua malaria kuliko wanavyoijua mvua. Mtoto anameza leo, kesho kutwa homa imeshuka, mama ameamini. Amitriptilini inafanya kinyume. Usiku wa kwanza inaleta usingizi mzito na kinywa kikavu. Kesho yake mtu akiinuka ghafla anaona kizunguzungu, macho hayasomi vizuri, choo kinakuwa kigumu. Kile alichokiendea, yaani moyo kuinuka, hakionekani mpaka wiki ya pili, ya tatu, pengine ya nne. Maudhi huja kwanza, nafuu huja mwisho. Mtu asiyeambiwa hivyo atafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angelifanya: siku ya tano atakitupa kibahasha, aseme dawa ya hospitali imemzidishia ugonjwa, arudi kwa mganga ambaye angalau humweleza. Kisha kwenye faili lake paandikwe kwamba hakufuata dozi.

Yule mwingine aliyevumilia naye ana mtego wake. Mwezi wa pili amerudi shambani, anacheka na watoto, anaona amepona. Anaacha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa vituo visivyo na bingwa, uliotolewa mwaka 2010, ulitaka dawa iendelee kwa miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kwisha, kisha ipunguzwe polepole. Hakuna anayeweza kulijua hilo kwa kuhisi mwili wake. Inabidi aambiwe. Na akiambiwa, swali lake la kwanza huwa lilelile: nitakuwa mtumwa wa dawa hizi? Linastahili jibu la kweli, kwamba hizi si dawa za kulevya zinazomfanya mtu azisake na kutaka zaidi na zaidi, ila mwili unaozizoea haupendi zikatwe ghafla.

Neno gumu kuliko yote ni la hatari. Amitriptilini nyingi kwa pamoja hudhuru moyo na kuua. Fluoksetini, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1988 na kuingia katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2007, ni salama zaidi kwa upande huo, ila tangu 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani imeagiza onyo kwamba dawa za jamii hii zote zinaweza kuamsha mawazo ya kujiua kwa watoto na vijana, hasa mwanzoni. Kwa hiyo muuguzi anapaswa kumuuliza mgonjwa waziwazi kama anafikiria kujiua, ampe vidonge vya siku chache tu ikiwa jibu ni ndiyo, na ndugu atakayevitunza ajulikane. Lakini kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinamfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Mgonjwa anaulizwa swali ambalo jibu lake la kweli linaweza kumfikisha polisi. Tunamwambia aseme, na sheria inamwambia anyamaze. Kenya ilikuwa na kifungu cha namna hiyo, na Mahakama Kuu yake ikakibatilisha Januari 2025.

Nchi ina Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, iliyoziondoa sheria za zama za ukoloni na lugha yake ya wendawazimu. Ni hatua. Ila sheria haisimami dirishani pa dawa saa nne asubuhi, foleni ikiwa imefika nje.

Wapo watakaosema kwamba haiwezekani, kwamba mtu wa kijijini hataelewa, muda hautoshi. Nawajibu kwa historia ya Korogwe yenyewe. Mji huu ulikuwa mmoja wa vituo 11, katika nchi saba za Afrika, vilivyofanya jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia 2009. Watoto zaidi ya 15,000 waliingia katika jaribio hilo, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo itumike. Taratibu za jaribio hilo hazikuruhusu mtoto achomwe sindano kabla mzazi hajaelezwa kwa lugha yake ni kitu gani, kinaweza kuleta maudhi gani, na kwamba ana haki ya kukataa na bado akatibiwa. Asiyejua kusoma alisomewa mbele ya shahidi, akaweka kidole gumba. Mama wa mashamba ya mkonge alieleweshwa chanjo ambayo wanasayansi wenyewe walikuwa bado wanaijaribu. Huyohuyo akiugua sonona baada ya kujifungua, ataelewa pia kidonge kilichokuwapo tangu kabla hajazaliwa.

Na kuna jambo la ndugu. Hospitali nyingi, zikiona mgonjwa ameletwa na kaka au mume, humgeukia huyo aliyemleta. Maelezo yote anapewa yeye, na mgonjwa amekaa pembeni kama mzigo uliosindikizwa. Hapa desturi ya zamani inaweza kutupoteza au kutuokoa, inategemea tunaishika upande gani. Kikao cha ndugu alichokieleza Feierman ni hazina: kuna mtu wa kukumbusha dozi, kuna nauli ya kutoka Chanika hadi kliniki, kuna anayeona dalili zikirudi kabla mgonjwa mwenyewe hajaziona. Lakini kikao hicho kikimzunguka mgonjwa bila yeye kusema neno, tumerudi Münsterlingen. Aelezwe yeye kwanza, peke yake, aulizwe nani mwingine aitwe, ndipo mlango ufunguliwe.

Tumfikirie kijana mmoja, wa kubuni, katika kliniki yoyote ya Korogwe au Handeni, amekaa mbele ya muuguzi wa makamo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kibahasha chako ndicho hiki. Nimekwambia mengi, sasa nirudishie, nisikie kama nimesema vizuri."

Kijana anakitazama kile kibahasha. Anasema ni kimoja, usiku. Kinywa kitakauka, anywe maji. Asiinuke kwa haraka kitandani. Wiki mbili za kwanza asitegemee kitu.

"Asitegemee nafuu," muuguzi anamrekebisha. "Usingizi utaupata. Na ukiona mawazo ya kufa yanazidi?"

"Nije. Hata kama si siku yangu."

"Na ukijisikia umepona?"

Kijana ananyamaza. Hili alikuwa amelisahau. Muuguzi anakichukua tena kibahasha, anakigeuza upande usioandikwa kitu, anavuta kalamu na kuandika kwa herufi kubwa, polepole, akilitamka kila neno anapoliandika: usiache, rudi kwanza tuzungumze.

"Unasoma?"

"Nasoma, mama. Lakini dawa atanitunzia bibi, naye hasomi."

"Yuko wapi bibi?"

"Nje, kwenye benchi. Nilimwambia asubiri."

"Unataka aingie?"

Kijana anafikiri kidogo, kisha anainuka, polepole kama alivyoagizwa, kwenda kumwita.